Tuwaambie siku ya kutoa kijiti, si wiki ya 16

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nijibu makala ya ukurasa wa afya ya Jumamosi iliyopita, ile iliyosema Mtanzania hana haja ya kujisumbua na vitamini D kwa sababu jua tunalo mwaka mzima na halilipiwi. Niliisoma nikiwa ndani ya fremu ya mwanangu karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Ilikuwa saa sita mchana na taa ilikuwa inawaka, maana bila taa mle ndani huoni hata namba kwenye noti. Nilimtazama mwanangu, nikairudia ile sentensi ya jua, nikaona siwezi kuinyamazia, maana inamgusa mwanamke anayejiandaa kushika mimba.

Mwanangu huyu ni binti wa marehemu mdogo wangu. Ana miaka 29 na ni wakala wa fedha kwa simu. Fremu yake haizidi upana wa kitanda cha futi tano. Anatoka kwake Pasua jua halijachomoza, saa moja kamili ameshafungua, na anakaa nyuma ya nondo na kioo mpaka saa mbili usiku. Jumapili ni ibada, halafu kikoba, halafu kulala. Jua la Moshi lipo, silikatai, tena mchana wa mwezi wa pili linachoma mpaka lami inanata kwenye viatu. Ila yeye halimpati. Ameniruhusu niyaandike haya, jina lake nimeliacha.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka 34, kwanza zahanati ya kijijini, kisha wodi ya wazazi, na miaka tisa ya mwisho nilikuwa chumba cha uzazi wa mpango. Ninayoyaandika nimeyasoma, lakini mengi nimeyaona kwa macho, na moja nimelikosea mwenyewe kwa miaka yote hiyo. Nitalisema.

Mwanangu alipoolewa, yeye na mume wake walikubaliana wajenge kwanza. Akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Miaka mitatu ilipoisha na nyumba imefika kwenye lenta, akaenda kituo kimoja cha afya kukitoa. Alikaa mle ndani dakika kumi. Akachomwa ganzi, kijiti kikavutwa, akafungwa bandeji, akaambiwa mkono usilowe maji siku tatu. Akarudi kazini. Miezi minne baadaye akashika mimba, ikatoka katika wiki ya sita. Akashika tena, ikatoka katika wiki ya saba. Usiku ule wa pili alinipigia saa nane. Hakuwa analia. Aliniuliza tu, "Mama mkubwa, nimekosea wapi?"

Kabla sijafika kwake asubuhi, majibu alikuwa ameshapewa na wengine. Mama mkwe wake alisema kijiti kimekausha kizazi. Wifi yake akasema ni bodaboda ya barabara ya Kibosho, ile yenye mashimo. Jirani mmoja akasema ni kubeba ndoo. Naomba niseme wazi hapa, kabla barua hii haijasomwa vibaya na mtu mwenye haraka: kijiti hakikaushi kizazi. Kikitoka, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, na wapo wanaoshika mwezi uleule. Bodaboda haing'oi mimba ya wiki sita. Na karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema hutoka kwa sababu kiinitete chenyewe kilikuwa na kasoro ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, tangu mwanzo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya wala angeweza kulizuia. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia mbele ya mama mkwe wake, kwa heshima zote, kwa sababu yule mama ndiye aliyekuwa na haja ya kusikia.

Lakini mwanangu alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na boksi. Alikuwa amepitia duka la dawa. Kijana wa pale alimsikiliza, akamwambia tatizo ni vitamini D, akamuuzia vichupa vya yuniti 300,000 kila kimoja, akamwelekeza anywe kimoja kila wiki mpaka ashike mimba. Nilikisoma kile kiwango mara mbili. Mhariri, kiwango cha juu ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidi bila daktari ni yuniti 4,000 kwa siku. Vitamini D haitoki na mkojo kama vitamini C. Hukaa kwenye mafuta ya mwili, na ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu: mtu anatapika, anafunga choo, ana kiu isiyokatika, figo zinaumia. Kumpa hivyo mwanamke anayejaribu kushika mimba, wiki baada ya wiki, bila kipimo hata kimoja! Namshukuru Mungu alikuwa hajafungua hata kichupa kimoja.

Hivyo nina ugomvi na pande mbili. Ninyi mlisema vitamini D si hoja kwetu. Yule kijana alisema ndiyo dawa ya kushika mimba. Wote wawili mmekosea, na anayeumia katikati ni mwanamke yuleyule.

Nianze na siku zenyewe, kwa sababu jambo lote limo kwenye siku. Yai likikutana na mbegu ndani ya mrija, bado mimba haijashika. Linajigawa huku likiteremka, na kwenye siku ya tano au ya sita linakuwa limefika kwenye mji wa mimba, kijipovu cha seli ambacho hata kwa macho ni shida kukiona. Hapo ndipo linapotafuta pa kujishikiza kwenye ukuta. Wataalamu wanasema linajipandikiza. Msomaji asichanganye na kipandikizi cha mkononi, ambacho mimi nakiita kijiti kama tunavyokiita sote. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ya kuwafuatilia wanawake kwa mkojo wa kila siku, ili waone mimba inaposhika kabla mama mwenyewe hajajua. Katika mimba zilizoendelea, asilimia 84 zilijishikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kutoka. Zilizojishikiza kufikia siku ya 9, asilimia 13 zilitoka mapema. Zilizojishikiza siku ya 10, asilimia 26. Siku ya 11, asilimia 52. Baada ya hapo, asilimia 82. Tazameni tofauti inayoletwa na siku mbili tatu tu.

Sasa mwanamke anakosa hedhi kama siku ya 14 baada ya yai kutoka. Maana yake siku anayonunua kipimo cha mkojo, kazi ya kushikana kati ya kijipovu kile na ukuta wa mji wa mimba imeshafanyika, vizuri au vibaya. Na sisi kliniki tunamwona lini? Wengi huja mimba ikiwa na miezi minne au mitano, yaani kuanzia kama wiki ya 16, tumbo likiwa limeshaonekana. Tunampa vidonge vya damu na chandarua, tunampima kaswende na presha, na ni vizuri sana. Ila ukuta ule ulishamaliza kazi yake zamani.

Vitamini D inaingiaje? Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kuwa ni ya mifupa, ya kuzuia matege. Kumbe mwilini inafanya kazi kama homoni. Jua likigusa ngozi, ngozi inaitengeneza. Ini linaibadilisha mara ya kwanza, nalo ndilo umbo linalopimwa kwenye damu. Figo zinaibadilisha mara ya pili, inakuwa hai. Jambo ambalo mimi sikufundishwa ni kwamba ukuta wa mji wa mimba una vipokezi vya vitamini D, na unaweza kuigeuza kuwa hai wenyewe, palepale, bila kungoja figo. Maabara wameona kuwa vitamini D hai huamsha jeni iitwayo HOXA10 katika seli za ukuta huo. Jeni hiyo ni mojawapo ya zile zinazouandaa ukuta upokee. Panya jike walioondolewa jeni hiyo hutunga mimba, lakini viinitete vyao havijishikizi. Vikihamishiwa kwenye mji wa mimba wa panya mwenye jeni hiyo, vinakua.

Kuna na upande wa kinga. Nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya baba, kwa hiyo kwa askari wa mwili wa mama, yule ni mgeni. Mji wa mimba umejaa askari hao katika siku zilezile za kujishikiza, na lazima watulizwe wamsaidie mgeni badala ya kumfukuza. Vitamini D ni mmoja wa wanaowatuliza. Binafsi hilo lilinigusa kuliko lile la jeni, pengine kwa sababu nimeshika makondo mengi sana mikononi na sikuwahi kujua kwamba mwanzo wake ulikuwa mapatano ya namna hiyo.

Haya ni ya maabara. Kwa wanawake wenyewe je? Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake wapatao 1,200 waliowahi kuharibikiwa mimba mara moja au mbili, kama mwanangu. Waliokuwa na nanogramu 30 au zaidi za vitamini D katika kila mililita ya damu kabla ya kushika mimba, uwezekano wao wa kushika mimba ulikuwa juu kwa asilimia 10, na wa kujifungua mtoto hai kwa asilimia 15, ukiwalinganisha na waliokuwa chini ya hapo. Kwa walioshika, kila nyongeza ya nanogramu 10 ya kabla ya mimba iliendana na upungufu wa asilimia 12 wa hatari ya mimba kutoka. Walipopimwa tena wiki ya nane, kiwango cha wakati huo hakikuonyesha uhusiano wowote na mimba kutoka. Hapo niliinua macho kwenye karatasi nikanyamaza kidogo. Cha kabla kina uhusiano, cha wiki ya nane hakina.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa sababu hapa ndipo wauza dawa wanapokatia maneno. Utafiti ule uliwatazama tu wanawake, haukuwagawia vitamini. Mwenye vitamini D nyingi huenda ndiye anayetembea sana nje, anayekula vizuri, asiye na uzito uliopita kiasi, na hayo yenyewe yanasaidia mimba. Ndiyo maana watu wa Italia walifanya jaribio la kweli. Walichukua wanawake 630 waliokuwa wanatafuta mtoto kwa njia ya kurutubisha yai maabara, nusu wakapewa yuniti 600,000 kwa mkupuo mmoja, nusu wakapewa dawa tupu, isiyo na vitamini ndani. Matokeo yalitoka mwaka 2021: waliopewa vitamini D walishika mimba asilimia 37, waliopewa dawa tupu asilimia 40. Mkupuo ule haukuwafaa. Hapa kwetu pia, Dar es Salaam, wajawazito 2,300 wanaoishi na virusi vya UKIMWI waligawanywa, baadhi wakapewa yuniti 3,000 kila siku, na haikupunguza watoto kuzaliwa wadogo kuliko umri wa mimba. Ila hao walianza kupewa kati ya wiki ya 12 na ya 27. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 na tena 2020, halikupendekeza vitamini D kwa kila mjamzito. Kwa anayeshukiwa ana upungufu limesema yuniti 200 kwa siku. Mia mbili, Mhariri. Linganisha na kile kichupa.

Mimi naamua hivi, nikiwa mkunga na si mtafiti: vitamini D si dawa ya kushika mimba, na atakayeiuza kwa jina hilo anadanganya. Lakini kumwacha mwanamke aingie kwenye zile siku kumi akiwa na ukame wa vitamini D mwilini, wakati kuuondoa ni jambo dogo, hilo sitalikubali. Shamba la migomba huchimbiwa mashimo na kutiwa samadi kabla mche haujafika. Mche ukifika ndipo uanze kutafuta jembe, umechelewa, hata kama samadi unayo nyingi.

Turudi kwenye jua lenu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili, nje kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ambazo ni nanogramu 46 kwa mililita. Ngozi zao ni nyeusi kama zetu na jua lao ndilo letu. Kwa hiyo makala yenu ilikuwa kweli, lakini kweli ya mama anayechunga mbuzi kando ya Ziwa Eyasi. Mwanangu tulimpima baada ya kumnyang'anya boksi lile. Alikuwa na nanogramu 14.

Sisemi zile 14 ndizo zilizochukua mimba zake. Hakuna anayeweza kusema hivyo, na daktari aliyemwona hakusema. Alimpima pia sukari, tezi ya shingo, damu, kaswende na presha, kama inavyopaswa. Nasema tu kwamba hesabu ya "jua lipo" haikumhusu yeye, na haiwahusu wengi wa mjini hapa: wasichana wa saluni, mafundi cherehani wa ndani ya maduka, wahudumu wa hoteli wa zamu ya usiku, makarani. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, ila ile miale inayotengeneza vitamini D huizuia karibu yote, hivyo kukaa dirishani hakusaidii. Hata kule juu Kibosho na Machame, mama anashinda kihambani chini ya migomba iliyofungana mpaka ardhi haikauki. Na mwezi wa sita na wa saba mawingu yanashuka, mlima hatuuoni hata wiki. Chakula chetu nacho hakiokoi. Mtori, kiburu, machalari, maharage, ni vyakula vya heshima na nimelelewa navyo, lakini vitamini D humo huipati. Ipo kwenye samaki wa mafuta kama vibua na sadini, kidogo kwenye kiini cha yai. Mafuta ya ini la samaki yanayo nyingi, ila pia yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo hayo msiyakimbilie.

Sasa lile kosa langu. Miaka yote niliwaambia akina mama, "Jua la asubuhi, saa moja hadi saa mbili, ndilo lenye vitamini." Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo, na najua mpaka leo linafundishwa. Si kweli. Saa moja jua limelala, miale yake inapita kwenye hewa nyingi, na ile inayotengeneza vitamini D inaishia njiani. Kinachofika ni mwanga na joto la kupendeza. Kipimo ni kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi, unapata kidogo sana, kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inafanya kazi. Hapa Moshi hiyo ni kuanzia kama saa nne asubuhi hadi kama saa tisa alasiri. Na ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi ya nyeupe, kwa sababu rangi yetu ni kinga, kwa hiyo zile dakika chache zinazoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya hazitutoshi. Nawaombeni radhi wale wote niliowaamsha na baridi ya Julai wakae uani saa moja. Mlinisikiliza kwa imani.

Kwa majirani zangu wa Majengo wanaojistiri, uani kwako ndani ya ukuta ni mahali pa kutosha, mikono na miguu ikiwa wazi, bila mtu kukuona. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino hayo ya jua hayawahusu kabisa. Ngozi isiyo na rangi inaungua, na saratani ya ngozi imewaua wengi mno. Mafuta ya kuwakinga yanatengenezwa hapahapa kwetu, hospitali ya KCMC. Waendelee kuyapaka na kuvaa kofia na mikono mirefu, na wakihitaji vitamini D waipate kwa kidonge alichoandika daktari.

Nimefika kwenye ninachokiomba, Mhariri, na tafadhali hapa usikate hata kama nafasi ni ndogo.

Mwanamke haji kwetu kutuambia anataka kushika mimba. Si desturi yetu, atachekwa, atasemwa. Lakini kuna siku moja anakuja na anasema kabisa, kwa mdomo wake. Ni siku anapokuja kutoa kijiti au kitanzi, au anapokuja kusema sindano basi. Siku hiyo tunajua. Pengine ndiyo siku pekee ambayo serikali ya nchi hii, kupitia nesi mmoja na kiti kimoja cha plastiki, inajua kwamba mwanamke huyu mwezi huu au ujao anaweza kuwa na kijipovu kile kinachotafuta pa kushika. Na sisi tunamwambia mkono usilowe maji! Nimetoa vijiti mamia. Nilimwambia nani zaidi ya hapo? Nikijaribu kukumbuka, namkumbuka mmoja, na ni kwa sababu alikuwa na kifafa na nilitaka amwone daktari kuhusu dawa zake.

Dakika tano zinatosha. Ukitoka hapa unaweza kushika mimba hata mwezi huu. Anza vidonge vya vitamini ya foliki leo, miligramu 0.4 kwa siku, usingoje kliniki, kwa sababu mfereji wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba kutungwa, na kwa foliki ushahidi ni thabiti, hauna mabishano haya ya vitamini D. Hata kama kesho wataalamu wataamua vitamini D haina lolote kwenye kujishikiza, mazungumzo yale yatakuwa yamelipa kwa foliki peke yake. Halafu muulize anafanya kazi wapi, nje au ndani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Hilo halihitaji maabara. Jibu likiwa kama la mwanangu, mwambie habari ya kivuli, mwambie habari ya vibua, na akihitaji kidonge kiwe kidogo cha kila siku kilichoandikwa na mtu aliyesomea. Mwili huchukua miezi miwili mitatu kujaza kilichopungua, kwa hiyo akiweza, angoje kidogo na kondomu huku akijiandaa. Asipoweza kungoja, si dhambi, aanze tu. Mumewe akiwa nje kwenye benchi, muite na yeye aingie asikie, maana huyo ndiye atakayemtetea kwa mama yake mambo yakienda vibaya.

Wenzangu mlio kazini najua mtaniambia foleni ni ndefu na nesi ni mmoja. Nilikuwa nesi huyo mmoja. Najua. Lakini dakika za kumfunga bandeji zipo, na mdomo wakati huo hauna kazi.

Mwanangu aliandikiwa yuniti 1,000 kwa siku pamoja na foliki. Vichupa tulivirudisha dukani, hawakurudisha pesa. Kipimo hatukukirudia, kwa sababu kile cha kwanza kilikula kamisheni yake ya siku nne na daktari alisema hakuna haja. Ameweka msichana wa kumshikia fremu nusu saa, siku za kazi. Mwezi wa nne sasa tangu aanze, na wamesema wako tayari kujaribu tena. Mama mkwe wake amenyamaza, na wiki iliyopita alipeleka mayai trei moja bila kusema ni ya nini.

Jumanne alinitumia picha kwenye simu. Haikuwa na uso, ilikuwa ni kivuli chake tu kwenye vumbi la Mbuyuni, miguu imeingia pichani, na ndala. Chini ameandika, "Mama mkubwa, saa nne na nusu. Kimefupika?" Nimeipima kwa macho, nikamjibu kimefupika, akunje na mikono ya blauzi.

Wako,
Mkunga mstaafu,
Majengo, Moshi